Mirija Isiyovunjwa na Baridi

Nikifumba macho hapa nilipo, kwenye kiti changu cha plastiki nyuma ya nyumba, bado naziona. Naona seli ya neva iliyotolewa kwa kifaranga ambaye hajaanguliwa, imelala chini ya kisahani cha kioo. Kutoka kwenye mwili wake wa mviringo umetoka uzi mmoja mrefu, na mwisho wa uzi huo kuna kitu kama kiganja. Kiganja kinafunguka na kufumba, kinapapasa. Kinanyoosha kidole upande huu, kinakirudisha taratibu, kinanyoosha kingine upande ule, kama mtu anayetafuta swichi ya taa ndani ya chumba asichokijua. Nimetazama viganja hivyo kuliko nilivyowahi kutazama televisheni, na sikumbuki siku ambayo vilinichosha.

Nyinyi vijana mnaoingia maabara sasa, kila mkinipata kwenye harusi au matanga, mnaniuliza kazi ile ilikuwaje, halafu kabla sijajibu mnauliza mashine zilikuwa za aina gani. Mashine zilikuwa mbovu. Hilo tumelimaliza. Kaeni niwaambie yale mengine.

Jina langu ni Rosebella, lakini wengi mnanijua kama Mama Nekesa. Baba yangu alitoka magharibi akaja Nakuru kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa hapa, nikasoma hapa, na nilipomaliza kozi ya ufundi wa maabara nikaandikwa katika chuo kimoja upande wa Njoro. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa vyura. Nilishika vyura, nikalisha vyura, nikawapanga kwenye trei ili wanafunzi wa mwaka wa kwanza wawapasue vibaya. Nilidhani nitastaafu nikinuka vyura.

Halafu akaja Daktari Rupinder. Watu wa Nakuru wa umri wangu wanaikumbuka familia yao, Masingasinga wenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Babu alikuwa anauza mabomba na misumari, baba naye akaendelea. Binti alienda ng'ambo kusoma, na kila mtu alijua hatarudi. Akarudi. Siku ya kwanza hakuuliza ofisi yake iko wapi. Alinisalimia kwa Kiswahili kilekile cha dukani kwao, cha harakaharaka, akaniuliza ni chumba gani katika jengo lile hakina upepo kabisa. Nikampeleka kwenye stoo ya mifupa. Akawasha kiberiti, akautazama moshi ukipanda wima mpaka juu, akasema hicho ndicho.

Tukaitoa mifupa ya ng'ombe na ya nyani, tukapaka kuta rangi nyeupe, na chumba kikawa chetu. Inkubeta yetu ilikuwa mashine ya kuangulia vifaranga ambayo Daktari aliifanyia marekebisho kwa vifaa vya dukani kwao. Pampu ya hewa ilitoka kwenye tangi la samaki la binamu yake. Hadubini ndiyo pekee iliyokuwa ya maana. Ilikuwa msaada kutoka chuo cha nje, kuukuu lakini yenye macho mazuri, na ukiiwekea taa yake maalumu uliweza kuona rangi ziking'aa ndani ya giza, kijani na nyekundu, mithili ya mji unaoutazama kutoka juu ya mlima Menengai.

Sasa, mambo ya mikono. Vinundu vya neva vya kifaranga viko pembeni mwa uti wa mgongo, vimejipanga kama punje za mtama. Usivivute. Ukivuta, unang'oa mizizi na seli zinakufa kwa uchungu wa kuvutwa. Weka viwiko vyote viwili mezani, toa pumzi yote, na kabla hujavuta nyingine, chomoa. Usije kazini bila kula, maana njaa hutetemesha mkono kuliko woga. Na kibano chako ukinoe mwenyewe. Usimpe mtu akunolee, kwa sababu kila mkono una pembe yake.

Na hamira, wanangu. Kulikuwa na majira ambapo kila Jumatatu tulikuta visahani vimeota ukungu mweupe. Daktari akapiga marufuku mandazi. Akapiga marufuku mkate, akampiga marufuku fundi wa umeme aliyekuwa anakula akiwa juu ya ngazi. Jumatatu ikaja na ukungu ukaja nayo. Tulihangaika sana mpaka siku moja nikamwona akikunja mikono ya sweta yake, na ndani ya mkunjo kuna unga mkavu. Jumapili alikuwa anakanda naan, mkate wao wa hamira, na mama yake akiwa na sweta hiyohiyo. Akaivua hapohapo, akaitoa nje kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Kutoka wiki hiyo alikula chapati za maji na dengu kama sisi wengine.

Kitu tulichokuwa tunakitafuta ndani ya kile chumba nilikielewa polepole, na nilikielewa kwa mirija ya soda. Daktari alikuja na pakiti nzima akaimwaga mezani. Ndani ya uzi wa seli ya neva, alisema, kuna mirija midogo kupindukia, kila mmoja una uwazi katikati kama huu. Wenye kazi wanaiita mikrotubuli. Imejengwa kwa vipande vya protini, kipande juu ya kipande, na haitulii. Mwisho mmoja unajengeka, unajengeka, halafu ghafla unabomoka, halafu unaanza tena. Kiganja kinaweza kupapasa kinavyotaka, lakini mirija isipokifuata, mkono haurefuki na seli haifiki popote.

Nikamuuliza nani anaiamuru ijengeke au ibomoke. Akafurahi, nikaona amefurahi. Akasema kuna protini nyingine zinazoizunguka, kila moja na kazi yake. Moja inaushika mrija usifumuke. Nyingine inaukata, ili vipande vyake viwe mianzo ya mirija mipya. Nyingine inakaa kwenye ncha na kuuelekeza. Ubongo wa mtoto tumboni unajengwa hivyo, kwa kushika na kuachia. Jioni ile nilitembea mpaka nyumbani kupitia kwenye miti ya misaipresi, ukungu wa msitu wa Mau umeshuka mpaka magotini, nikawa nafikiria kwamba ndani ya kichwa changu kuna vitu vinajengeka na kubomoka nami sisikii hata mlio.

Chebet alikuja mwaka wa 2007 kufanya shahada yake ya pili. Alitoka Keringet, kwenye mashamba ya viazi kule juu Kuresoi, msichana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusimama karibu na mlango. Mayai yetu yakaanza kutoka kwa kuku wa mama yake, na yalikuwa mayai mazuri, yenye mbegu, si kama yale ya dukani yasiyo na uhai ndani. Alichagua protini moja tu, na hakutaka kusikia nyingine. Inaitwa dabolkotini. Ni ya seli changa. Inakaa mwishoni mwa uzi, karibu na kile kiganja, imejibanza kwenye mifereji ya mrija, inaushikilia.

Daktari akampa jaribio la baridi. Mirija hii, ukiitia baridi, inabomoka yenyewe. Ukiirudishia joto, inajengeka upya. Swali la Chebet lilikuwa hili: je, pale ambapo dabolkotini ni nyingi, mrija unaweza kuvumilia baridi?

Barafu tuliipata kwa muuza soda wa senta, pale madukani. Mwanzoni mambo yalikataa kabisa. Tuliweka visahani juu ya barafu, na tulipotazama, seli zote zilikuwa zimepasuka. Tukajifunza kuwa unataka maji ya barafu, si barafu yenyewe. Kisha seli zikawa nzima lakini mirija yote ilikuwepo, imesimama, kana kwamba haikuonja baridi. Chebet alikaribia kulia. Daktari ndiye aliyegundua: dawa tuliyokuwa tunamwaga ili kuzihifadhi seli hapohapo zilipo ilikuwa ya joto la chumba. Katika ule muda mdogo wa kumimina, mirija ilikuwa inapata joto na kuanza kujijenga. Kwa hiyo kumbukeni, kama seli ziko kwenye baridi, dawa nayo iwe ya baridi, na bomba la kumiminia liwe la baridi, na mkono wako usikawie juu yake.

Tulipofanya hivyo, nilikuwa nimekaa pembeni ya Chebet akitazama. Alipomaliza, akanisogezea kiti. Mirija ilikuwa imetiwa rangi ya kijani na dabolkotini nyekundu. Karibu seli yote ilikuwa imezimika, hakuna kijani, kiza kitupu. Lakini mwishoni kabisa, kwenye shingo ya kiganja, pale palipokuwa pekundu, kulikuwa na nyuzi chache za kijani bado zimesimama. Zilikuwa nyembamba na zilikuwa peke yake. Niligeuka kumpongeza nikakuta ametoka.

Nilimkuta nje kwenye uzio, manyunyu yanamlowesha. Hapo ndipo aliponiambia habari za mdogo wake, Kip. Mtoto wa miaka saba, hatembei, hasemi, shingo yake haijawahi kuwa ngumu, na kifafa kinamshika mara kwa mara. Walipompeleka Eldoret kupigwa picha ya kichwa, waliambiwa ubongo wake ni laini, hauna ile mikunjo ambayo ubongo wa mtu unapaswa kuwa nayo. Chebet alikuwa amesoma mpaka akakutana na jina la dabolkotini. Seli za ubongo wa mtoto huzaliwa ndani, kisha husafiri kwenda nje kujipanga. Zikikosa protini hiyo, au ikiwa imeharibika, huchoka njiani na kusimama, na ubongo unabaki bila mikunjo. Akasema hajamwambia mama yake kitu. Alisema, "Madam, kama ni hiyo, inapitia kwa mama. Nitamwambia aje?"

Nilimpa leso yangu, tukarudi ndani.

Niwaambie mapema yaliyokuja kutokea, ili mnisikilize kwa utulivu. Chebet alimaliza, na leo anafundisha watu wa umri wenu. Kip aliishi mpaka akawa kijana mrefu kama dada yake, akafariki kwao katika msimu wa mvua. Miaka mingi baadaye Chebet alipata nafasi ya kupeleka damu ya mama yake mahali inapopimwa, na jibu lilikuwa lile walilolikisia. Yeye mwenyewe sijui kama alipima. Sijamuuliza, na nyinyi msimuulize.

Lakini ninachotaka kuwaambia ni cha Januari ile, 2008.

Siasa za wakati ule sitazirudia, wazazi wenu wanazijua na wengine wenu mlizibeba mgongoni. Uchaguzi ulikuwa umepita, na nchi ikawaka. Chuo kilifungwa. Tuliokuwa tunakaa nyumba za wafanyakazi tuliona moshi upande wa Molo asubuhi na upande wa mji mchana. Watu waliulizana majina kabla ya kusalimiana. Daktari alikuwa amekwama mjini, na barabara ilifungwa na kufunguliwa bila mpango. Umeme ulikuwa unapotea. Nilikuwa na visahani vya mwisho vya Chebet, seli hai, na sikutaka zife. Nilivitia kwenye sufuria kubwa yenye chupa za maji moto, nikaifunga na blanketi la mwanangu Nekesa, nikawa naibadilishia maji kama mama mwenye mtoto njiti. Mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, aliniuliza kama nina akili timamu wakati watu wanakimbia kuokoa roho zao. Nilimwambia ndiyo, na nadhani nilikuwa nazo.

Simu ya Chebet, aliyekuwa amerudi kwao Keringet chuo kilipofungwa, ikaja ikikatikakatika. Dawa ya Kip ilikuwa imebaki kidogo sana, zahanati yao imefungwa, na daktari wa hospitali aliwahi kuwaonya kwamba dawa ile ikikatizwa ghafla mtoto anaweza kushikwa na kifafa kisichoachilia. Gari la maziwa lilikuwa linashuka na polisi, na dereva amekubali kuwachukua, yeye na mama na Kip. Baba yao atabaki kulinda ng'ombe. Mjini hawatafika, ila Njoro wanaweza. Akauliza kama kuna mahali.

Nikamwambia mahali papo.

Walifika mchana, wamenyeshewa. Mama Chebet alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkimya, na alimbeba yule mtoto mkubwa mgongoni kwa shuka kana kwamba hana uzito. Jirani mmoja alikuja akasimama mlangoni mwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua hao ni watu wa wapi. Nilimwambia ni wageni wangu. Akatazama chini, akaondoka. Baadaye alituletea kabeji, nami sikuuliza kabeji hiyo ina maana gani.

Nikampigia Daktari. Alisema dawa ataipata, shida ni barabara. Tulikaa tukimtazama Kip. Nekesa alimkalia karibu akimwimbia nyimbo za herufi za nasari, naye alicheka kila alipofika kwenye herufi fulani, hatukujua kwa nini. Mama yake alimpimia dawa iliyobaki, akimega kipande kwa ukucha, akimega nusu ya kipande. Kisha, alipokuwa anazungumza nami jikoni, nilimwona akipotea. Alikuwa katikati ya sentensi, kikombe mkononi, macho yakatulia ukutani, na mdomo ukawa unatafuna kitu ambacho hakipo. Halafu akarudi na kuendelea pale alipoachia. Aliniona nimemtazama, akasema yamekuwa yakimpata tangu akiwa msichana, hayana neno. Chebet, aliyekuwa mlangoni, alitazama nje.

Kip alishikwa kesho yake asubuhi. Sitaeleza. Ilikuwa ndefu, na ilipopita alilala amelegea, midomo ya kijivu, na sisi sote tukawa tunahesabu pumzi zake. Kisha nikasikia gari. Daktari alikuwa amekuja nyuma ya msafara wa jeshi na pikapu ya duka lao, iliyojaa mabati ili wenye vizuizi wadhani anakimbiza mali. Alishuka na dawa, na akaja pia na muuguzi mstaafu wa mtaani kwao, mwanamke Mwislamu mwenye mkoba mweusi, ambaye alimdunga Kip sindano na kukaa naye kitandani mpaka rangi ikarudi mwilini.

Umeme nao ukarudi. Mtoto alipokuwa amelala vizuri, Daktari akaniuliza seli zangu ziko wapi, nikamwonyesha ile sufuria ndani ya blanketi. Alicheka mpaka akaketi chini. Tukazipeleka chumbani, na Mama Chebet akatufuata. Nadhani alitaka tu kuwa mahali pengine kidogo. Daktari akamwekea kisahani kimoja, akamwonyesha pa kutazama.

Alitazama muda mrefu sana. Nje kulikuwa na ukimya wa ajabu, ule ukimya wa mji ambao watu wake wamejifungia. Mwisho akauliza, bila kuinua kichwa, kama hiki ndicho binti yake anachofanya na mayai yake. Daktari akasema ndiyo. Akauliza kama kichwani mwa Kip mna hivi. Daktari akasema vimo, lakini havikufika vilikokuwa vinakwenda.

Hapo akainua kichwa. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi ndiye nilimwangusha."

Chebet aliinuka. Mama yake akamwashiria akae. Akaeleza kwamba alipokuwa na mimba ya Kip, tumbo likiwa tayari kubwa, mwezi wa mwisho au ule wa kabla yake, alikuwa anapandisha gunia la viazi barabarani, akateleza kwenye matope na kuanguka, gunia likamwangukia juu. Mume wake alikuwa amemkataza asilibebe. Mtoto alipozaliwa vile, mume hakusema kitu. Na hajasema kitu mpaka leo. Mama Chebet alisema afadhali mumewe angesema.

Daktari alivuta stuli akaketi mbele yake, magoti yao karibu yagusane. "Mama, mimi si daktari wa watu. Mimi ni wa hizi seli tu. Lakini hili nalijua vizuri, na sikudanganyi. Safari ya seli za ubongo inafanyika mapema, mimba ikiwa bado changa. Ulipoanguka, zilikuwa zimeshasimama zamani. Ubongo wa Kip ulikuwa tayari ulivyo."

"Hata gunia lilivyokuwa zito?"

"Hata lingekuwa lori."

Mama Chebet aliitazama mikono yake. Akauliza basi ni nini. Daktari akamtazama Chebet, na Chebet akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka. Daktari akaeleza taratibu, kwamba kuna kitu kidogo sana kinachoshikilia mirija ndani ya seli zinaposafiri, kwamba huenda cha Kip kimeharibika, na kwamba huenda kimetoka kwa mama, kwa sababu hata yeye ana vile vipindi vya kupotea, ambavyo nilikuwa nimemdokezea Daktari. Hapa Nakuru hakuna wa kulipima jambo hilo, kwa hiyo anasema huenda tu.

"Kwa hivyo ni damu yangu," Mama Chebet alisema.

"Huenda. Na wewe uliipata kwa mtu, naye akaipata kwa mtu. Hakuna aliyefanya kosa."

Nilitegemea alie. Hakulia. Alikaa tu, akiwa ameegemea meza yetu, na polepole mabega yake yakashuka, yakashuka tena, mpaka nikaona kumbe hakuwa mfupi wa shingo kama nilivyodhani. Alikuwa ameyainua mabega hayo kwa miaka saba. Akasema angependa kumpigia Baba Chebet.

Walizungumza kwa lugha yao, nami sikuelewa. Alisema maneno machache, akamkabidhi Daktari simu. Daktari akarudia yale aliyosema, kwa Kiswahili, wazi, kama anayemweleza mteja bomba la kipimo gani linafaa. Kisha tukasikia sauti ya mwanamume, ndogo, ikitoka kwenye kile kisimu, akiuliza swali moja tu.

"Na gunia?"

"Gunia halikuhusika, mzee."

Daktari akatazama simu kuona kama imekatika. Halafu Baba Chebet akasema sawa, na kwamba barabara ikitulia atakuja kuwachukua mwenyewe.

Barabara ilikawia kutulia. Wageni wangu wakawa wa nyumbani. Mama Chebet alinifundisha kupika isageek, ile mboga yao chungu, na maziwa, nami nikamfundisha kukaanga omena, dagaa wadogo wa ziwani, ambao aliwala kwa heshima tu. Mchana alikuja chumbani na kukaa kwenye hadubini. Hakuuliza maswali tena. Alitazama tu, kidevu mkononi, jinsi watu wengine wanavyotazama ziwa. Wakati mwingine alipotea kidogo, macho yakiwa kwenye kioo, akarudi, akaendelea kutazama, na nadhani kwake hakukuwa na tofauti kubwa kati ya huku na kule.

Baba Chebet alifika asubuhi moja yenye jua, kwenye lori la mtu, akiwa amevaa koti la suti na gambuti za shambani. Alinishukuru kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Alipomwona Kip alimwinamia na kumpulizia usoni, na mtoto akacheka. Kwa mke wake hakusema kitu, ila alisimama karibu naye kuliko ilivyohitajika, na wote wawili wakawa wanatazama upande mmoja, kama watu waliotambulishwa leo.

Mama Chebet ndiye aliyemwambia aje aone. Alimtangulia mpaka chumbani bila kutungoja. Tulipowafikia, Baba Chebet alikuwa ameketi kwenye stuli, kofia mapajani, ameinamia hadubini, na mke wake amesimama nyuma yake, mkono mmoja juu ya bega lake.

"Sioni kitu," alisema.

"Usisonge. Usipumue juu ya kioo."

"Ni vumbi tu."

"Ngoja," alimwambia. "Ukingoja, utaona zinatembea."

Akangoja. Dirishani jua lilikuwa limeshafika kwenye misaipresi. Daktari alinishika kiwiko nilipotaka kuingia, kwa hiyo tukabaki mlangoni, mimi na yeye na Chebet aliyempakata mdogo wake, tukiutazama mgongo wa lile koti, mpaka tukaona umetulia kabisa.

"Hiyo moja," Baba Chebet alisema taratibu, "imefungua mkono."